Dawa ya usingizi kabla ya bomba la hewa na homoni za adrenali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mgonjwa amefika amechoka, kifua kinapanda na kushuka mbio, oksijeni ya barakoa haimtoshi, na timu imeamua kumwekea bomba la hewa. Muda mfupi ujao atachomwa dawa ya kumlaza. Ukurasa huu unaihusu dawa moja ya aina hiyo, etomideti: jinsi inavyoweza kuzima homoni anazozihitaji ili aishi, na nini kifanyike kupunguza madhara hayo. Umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu, watoa dawa za usingizi na madaktari wa zamu, ila ndugu wa mgonjwa naye atapata cha kumsaidia, hasa kwenye swali la mwisho. Dozi zinatajwa ili mhudumu aliyefunzwa aielewe hoja. Mwongozo wa hospitali yako na daktari aliye kando ya kitanda ndio wenye kauli.

Kwa nini alazwe kwanza? Hawezi kuwekewa bomba akiwa macho?

Koo la mtu mwenye fahamu huilinda njia ya hewa kwa nguvu zote. Ukiingiza laringoskopu, kifaa cha kuchungulia koo, atakohoa, atatapika, atauma meno, presha itaruka. Ndiyo maana katika dharura hutolewa dawa mbili zinazofuatana kwa sekunde chache: ya kwanza humtoa fahamu, ya pili, suksamethoni au rokuronio, hulegeza misuli. Ikiachwa ya kwanza, mgonjwa hupooza huku akisikia na kuhisi kila anachofanyiwa. Huo ni ukatili. Kwa hiyo wazo la kukwepa madhara kwa kutompa dawa ya usingizi kabisa halina nafasi, isipokuwa kwa aliyesimama moyo au aliyekwisha kupoteza fahamu kabisa.

Etomideti ni dawa gani, na kwa nini ilipendwa?

Ilitengenezwa mwaka 1964 katika maabara za Janssen nchini Ubelgiji, wataalamu wakitafuta dawa ya fangasi. Wanyama wa majaribio walilala. Ikaanza kutumika kwa wagonjwa Ulaya mwaka 1972, na Marekani ikaidhinishwa 1982.

Ilipendwa kwa sababu moja kubwa: haiangushi presha. Dozi ya kawaida ni miligramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 hupata miligramu 18, yaani mililita 9 za dawa yenye miligramu 2 kwa mililita. Hulala ndani ya dakika moja, na moyo wake unaendelea karibu kama ulivyokuwa. Kwa daktari anayemtazama mgonjwa mwenye presha ya 85 kwa 40, hilo ni jambo zito. Kasoro zake nyingine, kama maumivu ya mshipa wakati wa kuchoma, misuli kurukaruka na kichefuchefu baadaye, zinavumilika. Kasoro ya homoni ndiyo iliyozua mjadala wa miaka 40.

Inazuiaje homoni?

Tezi za adrenali zimekaa juu ya figo, moja kila upande. Gamba la nje la tezi hizi hutengeneza kotisoli kutoka kwenye kolesteroli kwa hatua kadhaa. Hatua ya mwisho hufanywa na kimeng'enya kiitwacho 11-beta-haidroksilesi, ambacho huigeuza 11-deoksikotisoli kuwa kotisoli. Katikati ya kimeng'enya hicho kuna chembe moja ya madini ya chuma, na kazi yote hufanyika hapo. Molekuli ya etomideti ina pete ndogo yenye naitrojeni mbili. Naitrojeni moja huidaka ile chembe ya chuma na kuing'ang'ania. Malighafi ikifika inakuta nafasi imekaliwa. 11-deoksikotisoli inarundikana, kotisoli haitoki. Kimeng'enya kinachotengeneza aldosteroni, homoni inayotunza chumvi na maji mwilini, nacho hubanwa kwa namna hiyohiyo.

Asili yake ya dawa ya fangasi inaelezea mengi. Ketokonazoli, ambayo nayo ilitoka Janssen, huua fangasi kwa kushika chuma kilicho katika kimeng'enya cha fangasi, na ikitolewa kwa dozi kubwa hubana kotisoli ya binadamu pia. Ni ukoo mmoja wa molekuli.

Kotisoli ndiyo inayoifanya mishipa ya damu iitikie adrenalini na noradrenalini. Huinua sukari wakati wa dhiki na huizuia kinga ya mwili isije ikamchoma mwenyewe. Mtu mzima mwenye afya akipata maambukizi makali, adrenali zake huongeza kotisoli mara kadhaa. Etomideti huja kuufunga uzalishaji huo siku ile mwili unauhitaji kuliko siku nyingine yoyote.

Tatizo liligunduliwaje?

Kwa vifo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya wodi za wagonjwa mahututi barani Ulaya zilikuwa zikiendesha etomideti kwenye dripu kwa siku kadhaa ili mgonjwa abaki amelala kwenye mashine ya kupumulia. Mjini Glasgow, Uskoti, madaktari Iain Ledingham na Ian Watt waliona kwamba majeruhi wao wanakufa zaidi ya zamani. Waliandika kwanza katika jarida la Lancet mwaka 1983, na takwimu walizochapisha zilishtua: miongoni mwa majeruhi waliokuwa kwenye mashine, waliolazwa kwa mofini, na wengine pamoja na dawa za kundi la diazepamu, walikufa asilimia 28. Waliolazwa kwa etomideti walikufa asilimia 77. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani wakaonyesha kimeng'enya kilichozuiwa ni kipi. Tangu hapo dripu ya etomideti ya kumlaza mgonjwa mahututi imeachwa.

Hawa wa Glasgow nawaheshimu sana. Hawakuwa na jaribio kubwa wala kompyuta za leo. Walirudi kwenye mafaili yao, wakahesabu wafu wao, wakauliza kimebadilika nini.

Sawa, hiyo ni dripu ya siku nyingi. Sindano moja tu nayo ina madhara?

Inazuia homoni, hilo halina ubishi. Kwa mtu mwenye afya anayefanyiwa upasuaji, kizuizi hudumu kama saa 6 hadi 8 kisha kuisha. Kwa mgonjwa mahututi hudumu zaidi. Wataalamu wa Grenoble, Ufaransa, waliwafuatilia wagonjwa 40 wasio na sepsisi (maambukizi makali yanayovuruga viungo vya mwili) waliopewa dozi moja, wakachapisha mwaka 2008: saa 12 baadaye asilimia 80 walikuwa bado wamezuiwa, na kufikia saa 48 walibaki chini ya asilimia 10. Wenye maambukizi makali wanaweza kukaa hadi siku ya tatu.

Ubishi uko kwingine: je, siku hizo mbili za upungufu zinaua? Hapo majibu yanavutana, na tutayaona kwenye swali la ketamini, dawa nyingine ya usingizi.

Nikipunguza dozi ya etomideti nitapunguza madhara ya homoni?

Hapana. Swali hili huulizwa sana kwa sababu kwa dawa nyingi jibu ni ndiyo. Kiasi cha etomideti kwenye damu kinachotosha kuzuia kotisoli ni kidogo mno, kama mara 20 chini ya kile cha kumlaza mtu. Ukimpa nusu dozi utapata mgonjwa aliyelala vibaya na adrenali zilizofungwa vilevile. Hii ndiyo sababu pia mgonjwa huamka baada ya dakika chache, dawa ikiwa imeshuka chini ya kiwango cha usingizi, huku kizuizi cha homoni kikiendelea kwa saa nyingi: inachukua muda mrefu mpaka dawa ishuke chini ya kile kiwango kidogo.

Kwa ufupi, dozi haiwezi kuwa njia ya kupunguza madhara haya. Njia ni kuchagua dawa, na uchaguzi hufanywa kabla ya kuvuta sindano.

Kwa nini tusimpe haidrokotisoni mara moja, tukajazia pengo?

Haidrokotisoni ni steroidi, dawa inayofanya kazi ya kotisoli, kwa hiyo kwa akili ya kawaida ingefaa. Imejaribiwa, na matokeo hayakuunga mkono. Ufaransa, jaribio lililochapishwa 2012 liliwapa wagonjwa mahututi wasio na mshtuko wa sepsisi (presha kuanguka kwa ajili ya sepsisi) haidrokotisoni baada ya dozi moja ya etomideti. Hawakupona haraka zaidi ya waliopewa maji ya chumvi. Katika CORTICUS, jaribio la Ulaya la mwaka 2008 lenye wagonjwa 499 wa mshtuko wa sepsisi, haidrokotisoni haikuwaokoa hata wale waliokuwa wamepata etomideti. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa wagonjwa mahututi cha Marekani, SCCM, kilitoa mwongozo wa kuwalaza na kuwawekea bomba watu wazima mahututi, na ndani yake kinashauri steroidi zisitolewe kwa lengo tu la kufuta athari ya etomideti.

Usilichanganye hilo na mambo mawili mengine. Mgonjwa wa mshtuko wa sepsisi ambaye dozi ya noradrenalini, anayopewa kwa dripu kupandisha presha, inaendelea kupanda na presha haikai hupewa haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 200 kwa siku, kwa sababu ya mshtuko wenyewe, awe alipata etomideti au la. Na mtu ambaye tayari anaishi kwa steroidi lazima apewe dozi ya dhiki, yaani steroidi iliyoongezwa. Huyo ukimnyima unamuua.

Basi ketamini ndiyo jibu?

Kwa upande wa homoni, ndiyo. Ketamini haigusi 11-beta-haidroksilesi. Kwa upande wa maisha ya mgonjwa mzima, jibu lina pande mbili, na inafaa tuende taratibu.

Jaribio lililofungua njia ni KETASED la Ufaransa, lililochapishwa katika Lancet mwaka 2009. Wagonjwa 655 waliohitaji bomba la hewa kwa dharura, wengi wao wakiwa bado hawajafika hospitali, waligawanywa kwa bahati nasibu: etomideti miligramu 0.3 kwa kilo, au ketamini miligramu 2 kwa kilo. Upungufu wa adrenali ulionekana kwa asilimia 86 ya waliopata etomideti na asilimia 48 ya waliopata ketamini. Soma tena hiyo 48. Karibu nusu ya watu ambao hawakuguswa na etomideti nao walikuwa na upungufu, kwa sababu ugonjwa mkali wenyewe huzichosha adrenali. Ukali wa kushindwa kwa viungo katika siku zilizofuata haukutofautiana kati ya makundi mawili kwa kiasi cha kuaminika.

Kisha likaja jaribio la EvK la hospitali ya Parkland, Dallas, lenye wagonjwa 801. Siku ya 7, waliopata ketamini walikuwa hai asilimia 85.1, wa etomideti asilimia 77.3. Wengi walishangilia. Lakini siku ya 28 tofauti ilikuwa imeyeyuka: 66.8 kwa 64.1, kiasi ambacho bahati peke yake inaweza kukileta. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio mbalimbali uliochapishwa 2023 ulielemea upande wa kuishuku etomideti.

Desemba 2025 jarida la New England Journal of Medicine likachapisha jaribio kubwa kuliko yote hayo, la Marekani, lenye watu wazima mahututi zaidi ya 2,300. Vifo hadi siku ya 28 vilikuwa asilimia 28.1 kwa ketamini na 29.1 kwa etomideti, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Na hapa pana jambo ambalo mashabiki wa ketamini wanapaswa kulimeza: kuporomoka kwa presha na moyo wakati wa kuweka bomba kulitokea kwa asilimia 22.1 ya waliopata ketamini, na asilimia 17.0 ya waliopata etomideti.

Sababu yake inaeleweka. Ketamini huinua presha kwa kuuchochea mwili umwage adrenalini na noradrenalini zake. Mgonjwa aliyehangaika siku tatu na maambukizi amekwisha kuzimwaga. Hana tena cha kumwaga, na ketamini yenyewe hulegeza msuli wa moyo kidogo. Presha inaanguka.

Msimamo wangu ni huu. Kwa mgonjwa wa sepsisi, kwa mtoto, na kwa mwenye shaka yoyote ya adrenali, naichagua ketamini, kwa dozi iliyopunguzwa, na presha ikiwa imeshughulikiwa kabla. Kwa mwenye moyo dhaifu na presha inayoning'inia, asiye na sepsisi, sindano moja ya etomideti ni chaguo la heshima, na aliyeichagua asisutwe. Ninachokikataa ni mazoea ya kuvuta dawa ileile kwa kila mgonjwa bila kujiuliza adrenali zake ziko katika hali gani.

Kushughulikia presha kabla ya bomba maana yake nini hasa?

Mtazame muuguzi mzoefu dakika tano kabla ya sindano. Kanula kubwa mbili ziko mshipani na zote zimepimwa kwa maji. Mkanda wa presha umewekwa ujipime kila dakika mbili au chini ya hapo, tena kwenye mkono usio na dripu ya dawa. Noradrenalini imeshachanganywa, na kwa mwenye mshtuko imeshaanza kuingia. Sindano ya adrenalini iliyozimuliwa iko mezani ikiwa na lebo iliyoandikwa kwa kalamu nene. Oksijeni inaenda. Mtu mmoja amepewa kazi moja tu, kutazama kioo cha mashine na kutaja presha kwa sauti.

Maji ya dripu hutolewa kwa anayeyahitaji, ila yasitegemewe kama kinga. Jaribio la PREPARE II la mwaka 2022, lenye wagonjwa 1,065, lilionyesha kuwa kumpa kila mgonjwa mililita 500 kabla ya bomba hakukupunguza kuporomoka kwa presha.

Dozi ya dawa ya usingizi hushushwa kwa mwenye mshtuko: ketamini miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo badala ya 2. Ya kulegeza misuli haishushwi, kwa sababu damu inayozunguka polepole huichelewesha kufika.

Ketamini si hupandisha shinikizo la ubongo kwa aliyeumia kichwa?

Hofu hiyo ilitokana na ripoti chache za miaka ya zamani. Tafiti za baadaye kwa majeruhi wa kichwa walio kwenye mashine, wakiwa wamelazwa vizuri, hazikuona ongezeko la hatari. Kinachowaumiza zaidi wagonjwa hawa ni presha ya damu kuanguka na oksijeni kushuka.

Propofoli, midazolamu na thiopentoni je?

Hakuna hata moja kati yake inayozifunga adrenali kama etomideti. Bei yake hulipwa kwenye presha: propofoli hufungua mishipa na presha hushuka ndani ya dakika moja, thiopentoni vilevile. Midazolamu huchelewa kumlaza mgonjwa, na ikiharakishwa kwa dozi kubwa nayo hushusha presha. Ni dawa nzuri kwa mgonjwa aliye imara.

Nani hasa asipewe etomideti?

Watoto wenye mshtuko wa sepsisi wako mstari wa kwanza. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi kwa watoto wa mwaka 2020 unashauri isitumike kwao. Baada yao ni kila mtu ambaye adrenali zake tayari ni dhaifu, na kundi hili kwetu Afrika Mashariki ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye vitabu vya Ulaya.

Kifua kikuu kinaweza kuzila adrenali zenyewe, na mgonjwa akaja na weusi wa ngozi kwenye mikunjo ya viganja na fizi, presha ya chini, sodiamu chini na potasiamu juu. Rifampisini anayomeza kutibu TB huharakisha ini kuivunja kotisoli, hivyo mwenye akiba ndogo huishiwa haraka. Anayetumia ritonavir kwa ajili ya VVU na wakati huohuo anavuta flutikasoni au budesonidi ya pumu yuko hatarini pia: ritonavir huzuia steroidi hiyo isivunjwe, inajaa mwilini, na adrenali zinalala.

Kisha wako wanaotumia steroidi bila kujua. Mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi mara nyingi huwa na klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali zinazopenya ngozini. Mtu akizipaka mwili mzima kwa miezi, adrenali zake zinaweza kusinyaa. Vivyo hivyo vidonge vya deksamethasoni vinavyouzwa mitaani kwa ajili ya kunenepa. Mtumiaji wa hivi vitu huenda hatasema kwamba anatumia steroidi, kwa sababu hajui. Muulize kwa lugha yake: unapaka nini, unameza nini cha kuongeza mwili, na umeacha lini? Uliza bila kumwaibisha, ukitaka akueleze ukweli.

Hospitali yetu haina etomideti kabisa. Tumebaki nyuma?

Hapana, na nasema hivi kwa moyo wote. Etomideti haimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Ketamini imo tangu miaka ya 1980. Ndiyo iliyobeba upasuaji wa kujifungua na wa majeraha katika hospitali za wilaya za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, mahali ambapo umeme hukatika, mashine ya usingizi haipo au imeharibika, na anayetoa nusu kaputi ni mmoja kwa zamu nzima. Haihitaji mashine kumlaza mtu, na mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe kwa dozi za kawaida.

Mwaka 2015 China ilipendekeza kwenye Umoja wa Mataifa ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu ya wanaoitumia kama kilevi. Shirika la Afya Duniani lilipinga, likisema nchi maskini zingekosa dawa ya usingizi. Waliopinga walikuwa sahihi. Tafiti tulizozitaja hapo juu zinamwambia mhudumu wa wilayani kwamba dawa iliyo kwenye kabati lake inasimama bega kwa bega na ile ya hospitali za Dallas na Paris. Anachopaswa kukazania ni presha.

Mgonjwa amehamishiwa kwetu na tayari alipewa etomideti. Wodi ya mahututi ifanye nini?

Kwanza ijulikane. Jina la dawa, dozi na saa viandikwe kwenye karatasi ya rufaa, na anayemkabidhi mgonjwa avitaje kwa mdomo. Habari hii hupotea kirahisi mno kati ya ambulensi na wodi.

Asirudiwe dozi, na asiwekewe dripu ya etomideti. Kwa siku mbili tatu za mwanzo, presha ikikataa kupanda licha ya noradrenalini, sukari ikishuka bila sababu, sodiamu ikishuka au potasiamu ikipanda, adrenali ziwe miongoni mwa vitu vya kwanza kufikiriwa. Kipimo cha kotisoli kikichukuliwa katika saa 24 za kwanza kitatoka chini, na kile cha kuchochea kwa sindano ya mikrogramu 250 za Synacthen, dawa ya kuziamsha adrenali, hakitaitikia. Mgonjwa asiandikwe kuwa na ugonjwa wa Addison (adrenali zilizoharibika) wa kudumu kwa matokeo hayo. Kirudiwe dawa ikishaisha mwilini.

Kuna mgonjwa yeyote anayefaidika na kufungwa huku kwa kotisoli?

Yupo. Mwenye ugonjwa wa Cushing uliofikia hatua ya kuua, kotisoli imejaa mwilini na hawezi kumeza dawa, hupewa etomideti kwenye dripu kwa dozi ndogo isiyomlaza, ndani ya wodi ya mahututi, damu yake ikipimwa mara kwa mara. Ni ithibati nyingine kwamba dozi ndogo inatosha kuzifunga adrenali.

Nimesikia etomideti inavutwa kwenye sigara za kielektroniki. Ni kweli?

Ni kweli, hasa Asia. China iliiweka chini ya udhibiti mwaka 2023, Hong Kong na Singapore mwaka 2025. Kijana anayeivuta kila siku anaweza kufika idara ya dharura akiwa na adrenali zilizofungwa tayari, potasiamu ikiwa chini badala ya kupanda, na mwili ukitetemeka.

Hakuna dawa mpya yenye uzuri wa etomideti bila ubaya wake?

Inatafutwa, na njia yake inapendeza kuifuatilia. Douglas Raines na wenzake katika Massachusetts General Hospital mjini Boston waliliendea tatizo kwa njia mbili.

Ya kwanza, iliyochapishwa 2009, ilikuwa kuipa molekuli kiungo cha esta ambacho vimeng'enya vya mwilini hukikata upesi. Dawa hiyo, MOC-etomideti, hulaza na kutoweka kabla haijazifunga adrenali kwa muda mrefu. Shida ilikuja panya walipopewa kwa muda mrefu: mabaki ya dawa iliyokatwa yalijikusanya na kuwachelewesha kuamka.

Ya pili, ya mwaka 2010, ilikwenda kwenye mzizi. Kumbuka ile naitrojeni inayodaka chuma cha kimeng'enya. Waliiondoa, wakaweka kaboni mahali pake. Ni badiliko la kona moja ya pete. Karboetomideti iliyopatikana ilikuwa dhaifu kwa takriban mara 1,000 katika kuzuia kotisoli, na bado ililaza. Usingizi ulipimwa kwanza kwa viluwiluwi wa chura wa Afrika, Xenopus laevis: wanawekwa kwenye maji yenye dawa, mmoja mmoja anageuzwa mgongo chini, na asiyejigeuza huhesabiwa amelala. Kisha panya. Udhaifu wake ni kwamba haiyeyuki vizuri kwenye maji na huchelewa kulaza, jambo baya katika dharura.

Kizazi kilichofuata, ABP-700, kilifika kwa binadamu, na matokeo ya watu wa kujitolea yalichapishwa 2017 kutoka Groningen, Uholanzi. Adrenali zao ziliendelea kuitikia. Kilichoisumbua dawa ni misuli kurukaruka bila hiari kwa wengi wao. China nako dawa iitwayo ET-26, ndugu wa etomideti mwenye kiungo kilichobadilishwa kidogo, imepita kwenye majaribio ya binadamu. Dawa hizi bado hazijafika kwenye trei ya idara ya dharura ya kwetu, ila ile ya naitrojeni moja iliyobadilishwa imethibitisha kwamba usingizi na kizuizi cha homoni vinaweza kutenganishwa.

Mimi ni ndugu wa mgonjwa, si mhudumu. Nifanye nini?

Mwambie daktari au muuguzi, mapema na kwa sauti inayosikika, kama mgonjwa wako anatumia au alitumia karibuni prednisoloni, deksamethasoni, sindano za steroidi za magoti au mgongo, dawa ya pumu ya kuvuta, dawa za TB au za VVU, krimu za kung'arisha, au dawa ya kienyeji ya maumivu iliyomponyesha kwa haraka ya kushangaza, maana baadhi huchanganywa steroidi kwa siri. Ukiweza, beba kopo au pakiti yenyewe. Kama ana kadi ya ugonjwa wa Addison, itoe kabla ya kuulizwa. Na utaje siku aliyoitumia dawa hiyo kwa mara ya mwisho, hata kama ni mwezi uliopita.